Holda ya Kaka

Koleo lilimponyoka Baba mara ya pili, likagonga sakafu, na hakuna aliyeinama kuliokota. Mara ya kwanza mdogo wangu alikuwa ameliokota na kumpa, akaambulia jicho kali ambalo hakulitegemea. Sasa alikuwa ameikalia mikono yake ili isije ikamponza tena. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa begani, midomo ameibana. Mimi niliangalia nyaya za mti wetu wa Krismasi. Niliogopa kuiangalia mikono ya Baba, kwa hiyo niliangalia nyaya.

Nje jua lilikuwa linazama. Kwa miaka yote ya maisha yangu, saa kama ile, jioni ya mkesha wa Krismasi, mti wetu ungekuwa tayari unawaka na Mama angekuwa anatugombeza tusimalize karanga kabla ya chakula. Jioni ile karanga zilikuwa mezani, hazijaguswa. Chumba kilikuwa kinaingia giza na hakuna aliyethubutu kuwasha hata taa ya dari.

Baba alikuwa anataka kuiziba holda ya kaka yangu. Ili uelewe kwa nini tulikuwa tumekaa pale kama watu wanaosubiri hukumu, lazima nikueleze mti wetu.

Mti wetu haukuwa mti. Baba alikuwa fundi wa kusuka upya nyaya za mota, na aliutengeneza kwa bomba la maji na vipande vya nondo mwaka aliozaliwa kaka, kwa sababu Mama alisema mtoto wake wa kwanza hataona Krismasi kwenye ukuta mtupu. Majani yake yalikuwa nyaya za shaba zilizotolewa kwenye mota zilizoungua. Kila Desemba tulizivua, tukazisugua kwa limau na majivu mpaka vidole vikawasha, kisha tukazirudisha. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mti wa plastiki wa dukani na theluji ya pamba, alimwuliza Baba siku moja kama ule ni mti au ni antena. Baba akamjibu kwamba vyovyote utakavyouita, panya hawajajenga ndani yake. Yule mama hakuja kwetu mpaka Pasaka.

Lakini fahari ya Baba ilikuwa taa. Zilikuwa balbu ndogo za gari, na umeme wake ulipitia transfoma aliyoisuka kwa mkono wake, hata mtoto aliushika mti bila kurushwa. Aliziunga kwa mfuatano. Umeme unaingia taa ya kwanza, unatoka, unaingia ya pili, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Ikikosekana moja, zote zimezimika. Madukani walishaanza kuuza taa ambazo moja ikiungua nyingine hazina habari, na Baba alizidharau kupita kiasi.

"Hizo taa za wapangaji," alikuwa akisema. "Kila mtu na chumba chake."

Kwetu kila mtu alikuwa na balbu yake na holda yake ya kuizungushia. Babu alikuwa juu kabisa, chini yake Bibi, halafu Baba, Mama, kaka, mimi, na chini kabisa mdogo wangu. Jioni ya mkesha tulizungusha balbu zetu kwa kufuata umri, na mtu hakuruhusiwa kumwekea mwenzake. Hata mdogo wangu alipokuwa mchanga wa miezi, Mama alimshika vidole, akavibandika kwenye kioo cha balbu, akavizungusha hivyo hivyo huku mtoto analia. Na kwa kuwa balbu yake ndiyo iliyokamilisha mzunguko na kuziwasha zote, kitinda mimba wetu alikua akiamini kwamba umeme ni yeye.

Babu alipofariki, Krismasi iliyofuata tulimwangalia Baba tuone atafanya nini. Alivua kofia. Akachukua kipande kifupi cha waya, akakiunga chini ya holda ya Babu, upande huu hadi upande ule, ili umeme upite bila kuihitaji balbu. Hilo tukaliita kuziba holda. Tulipoweka zetu, taa zikawaka kwa nguvu kuliko mwaka uliotangulia.

"Mmeona?" Baba alisema, macho yake yamelowa. "Amewagawia yake."

"Na zitaungua mapema," Mama alisema, maana hakuishi na fundi miaka yote ile bure.

Wote wawili walisema kweli. Umeme wa taa nyingi ukigawanywa kwa taa chache, kila moja hubeba zaidi, hung'aa zaidi na hufa mapema zaidi. Bibi alimfuata Babu, naye holda yake ikazibwa, kofia ikavuliwa. Ndiyo maana nyumbani kwetu koleo halikuletwa mbele ya mti bila mtu kuwa kaburini.

Na kaka yangu hakuwa kaburini. Alikuwa hai na mzima upande wa pili wa mji, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki, anasuka mota kwenye karakana ya watu.

Shida ya mikono ya Baba ilianza na kikombe. Tuliona chai ikimwagika kwenye kisahani, kisha tukaona ameanza kuomba nusu kikombe, kisha tukaona anakunywa tukiwa tumegeuka. Kwenye karakana yake, ambako mimi na kaka tulifanya kazi naye, alianza kuchagua mota kubwa zenye waya mnene, na zile ndogo akazisukuma kwa kaka bila kusema neno. Kaka alizipokea bila kusema neno. Mimi, niliyekuwa nafunga ncha na kupaka vanishi na kuzungumza na wateja, nilisema maneno mengi, lakini hilo sikuligusa. Nani angemfunga paka kengele?

Kengele aliifunga kaka. Msagaji mmoja wa nafaka alileta mota ambayo Baba alisisitiza kuisuka mwenyewe, waya mwembamba na yote. Iliungua ndani ya wiki. Baba akaisuka tena, ikaungua tena, na msagaji akairudisha kwenye mkokoteni, amenuna, wateja wengine wawili wakiwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri vitu vyao.

"Umeme wa kwako mbovu," Baba alimwambia.

Kaka alikuwa ameshaifungua. Alikuwa amechuchumaa chini, anavuta waya mmoja kwa ukucha, na mimi niliyekuwa nyuma yake niliuona mchubuko wake, shaba tupu inametameta. Nilimwomba Mungu kaka anyamaze.

"Umeme wake mzima, Baba," alisema. "Waya ulichubuka wakati wa kupachika. Mikono yako inatetemeka. Hizi kazi za waya mwembamba niachie mimi."

Alisema kwa upole, naweza kuapa. Pengine ndiyo maana iliuma zaidi. Angepayuka, Baba angempayukia, na mchana wangekula pamoja. Lakini upole ule, mbele ya wateja, ulikuwa ni upole wa mtu anayemvusha mzee barabara.

Msagaji akainua macho kwenye dari kana kwamba ameona mjusi.

"Sikio halizidi kichwa," Baba alisema. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisahau: "Sijafa, umeshaanza kunirithi. Toka. Toka kwenye karakana yangu, na nyumbani kwangu usinijie."

Kaka alinyanyuka, akajifuta mikono, akavipanga vifaa vyake mezani kimoja kimoja kama alivyofundishwa, akatoka. Baba akashika bisibisi na kuendelea na kazi. Ile bisibisi iligongagonga chuma muda mrefu kabla haijapata mdomo wa skrubu, na sote mle ndani tuliisikia.

Mama alifanya kila alichoweza. Alikwenda kwa kaka na chakula, akarudi na vyombo vitupu na jibu lile lile: "Sikumtukana, Mama. Akiniita mwenyewe, nitakuja." Akalileta jibu kwa Baba, Baba akasema njia anaijua. Akalirudisha la Baba kwa kaka. Mwishowe alichoka.

"Tembo wanapigana," alisema siku moja akimenya vitunguu, na sikujua machozi yale ni ya nini, "na nyasi ni mimi."

Nilifikiri Krismasi itawapatanisha. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba Baba akifika kwenye holda ile na kuiona tupu, moyo utamlainika. Nilikuwa namjua baba yangu kwa nusu tu.

Jioni ile alizungusha balbu yake, akapiga hatua nyuma. Mama akaweka yake. Zamu ya kaka ikafika. Balbu ya kaka ilikuwa ndani ya sanduku, kwenye pamba, pamoja na yangu na ya mdogo wangu.

"Mimi ndiye niliyemzaa," Mama alisema, "nitamwekea."

"Asiyekuwepo hawekewi."

"Basi wewe mtoto, endelea, weka yako," Mama aliniambia haraka haraka, na nilielewa kwamba ananunua muda. Niliweka yangu. Mdogo wangu alichukua yake, akaishika kwenye ngumi, akabaki ameduwaa, maana hata yeye alijua kwamba safari hii akiiweka hakutawaka kitu.

"Mti usiwake mwaka huu," Mama alisema. "Si lazima. Tutakula, tutalala, kesho tutakwenda kanisani."

"Nyumba hii haikai gizani kwa sababu ya mtu mmoja." Baba akaliendea sanduku la vifaa. Alipogeuka alikuwa na koleo na kipande cha waya.

Sijawahi kumwona Mama akisogea kwa kasi vile. Alikuja mpaka mbele ya mti, akasimama.

"Baba watoto. Huyo hajafa."

"Sijasema amekufa."

"Wewe hujasema. Kilichomo mkononi mwako kimesema."

Baba akampita. Hakumsukuma, alimpita tu, na Mama akarudi kwenye mlango wa jikoni. Niliona kwamba Baba hajavua kofia. Sijui kwa nini jambo hilo lilinitisha kuliko yote. Labda kwa sababu lilinionyesha kwamba hata mazishi hampi, anamfuta tu.

Akainama chini ya holda. Kazi yenyewe ni ndogo: unalegeza skrubu mbili, unapachika waya, unakaza. Mtoto wa fundi huifanya kabla hajajua kusoma. Baba alikosa skrubu ya kwanza. Akaikosa tena. Ncha ya waya ilicheza mbele ya tundu, ikaligusa, ikateleza, na majani yote ya shaba yakaanza kulia kwa sababu mkono wake mwingine ulikuwa umeushika mti. Koleo likaanguka. Mdogo wangu akaliokota. Baba akajaribu tena, kijasho kimemtoka puani, na mti ukalia tena. Koleo likaanguka tena.

Hapo ndipo nilipoanzia kukusimulia.

"Wewe," Baba aliniambia, bila kugeuka. "Njoo uzibe."

Niliinama nikaliokota koleo. Lilikuwa na joto la mkono wake. Nilikuwa na mikono mizuri, nasema bila majivuno, yeye ndiye aliyenifundisha, na ile skrubu ningeikaza nimefumba macho. Nikikaza, nimemzika kaka yangu kwa mkono wangu, na kaka yangu alikuwa ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda shule mvua zilipojaza barabara. Nikikataa, nitakuwa nimemwambia Baba kwamba kaka alisema kweli, na safari hii mbele ya mkewe. Mama hakunisaidia. Aliniangalia tu, na macho yake yalikuwa yanasema kwamba lolote nitakalofanya, ataishi nalo.

Nikapiga magoti mbele ya mti. Nikaweka koleo chini. Nikazungusha balbu yangu upande wa kushoto mpaka ikatoka, nikaitia mfukoni.

"Unafanya nini?"

"Natoa yangu, Baba." Sauti ilikuwa nyembamba, si yangu. "Kama ni kuziba ya kaka, na hii izibwe. Na mimi niliuona ule mchubuko. Siku ile nilikuwa nyuma yake, niliuona kama alivyouona yeye."

Nilisubiri kofi. Hakuwahi kutupiga tangu tulipokuwa wakubwa, lakini nilisubiri, na mabega yangu yalikuwa yameshapanda juu yenyewe. Badala yake nikasikia kandambili za Mama. Alikuja taratibu, akafuta mkono kwenye kitambaa, akaunyoosha juu ya kichwa changu, akatoa balbu yake. Hakuitia mfukoni. Aliishika mbele ya uso wa Baba.

"Ziba zote," alisema. "Umeme wote upite kwako. Wewe ni fundi, niambie, taa moja itawaka muda gani?"

Hakuna mtu mle ndani ambaye hakujua jibu. Hata mdogo wangu alijua. Aliinua ngumi yake yenye balbu, akaificha nyuma ya mgongo, akamwangalia Baba kwa macho makavu ya mtoto aliyekata shauri.

Baba alibaki na mti wake. Juu palikuwa na holda mbili zilizozibwa, za wazazi wake. Chini palikuwa na holda tupu za watu waliokuwa mbele yake na za mmoja asiyekuwepo. Katikati, peke yake, ilikuwepo balbu yake. Aliiangalia muda mrefu. Nilimwona akifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili nilijua linakuja lile neno la "tokeni", na nilishajipanga kutoka, nilishajua nitachukua nguo zipi.

Akavuta kiti, akakaa mezani.

"Mpigie kaka yako," alisema.

Nilitoa simu, nikatafuta namba yake. "Nimwambie nini, Baba?"

Kwa miezi mingi tulikuwa tumemzoea akiwa na mikono mifukoni, au amekunja kifuani, au ameshika kitu kizito. Sasa aliitoa yote miwili, akailaza juu ya meza kando ya karanga, mbele yetu sote, akaiacha ifanye inavyotaka. Ilitetemeka vibaya kuliko nilivyofikiri. Bakuli la karanga lilianza kugongana na sahani yake.

"Mwambie inatetemeka."

Kaka alipokea kabla simu haijaita mara mbili. "Mdogo wangu? Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Baba kaniambia nikuambie..." Nikameza mate. "Kasema nikuambie mikono inamtetemeka."

Nilisikia sauti za mtaani kwake, mtu anapiga mluzi, mlango unafungwa.

"Kasema mwenyewe?"

Baba akanyoosha kidevu, kuashiria nimsogezee simu. Sikumpa aishike. Niliiweka karibu na mdomo wake nikaishikilia mimi, na hakukataa.

"Ile mota ya msagaji," alisema. Akakwama. Akajaribu tena. "Waya niliuchubua mimi."

Mama alijifunika uso kwa kitambaa. Mimi nililia waziwazi, sikuona haya, simu mkononi. Ndipo sauti ya kaka ikasikika kwenye simu, chumba kizima.

"Najua, Baba. Wala usijali. Nakuja."

Baba alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba kaka anamwona. Hakumwangalia yeyote kati yetu. Alilisukuma sanduku la vifaa kwa kiwiko mpaka mwisho wa meza, akatazama benchi alilokalia mdogo wangu, akapima kwa macho kama anavyopima kazi.

"Sogea," alimwambia. "Kaka yako ni mtu mzima sasa, hapo hatatosha."